NGUVU NI AMANA: Juu ya Kijana Aingiaye katika Mchezo wa Kunyanyua Vyuma

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanaadamu akampa mifupa ya kumsimamisha na nyama ya kuivika mifupa hiyo. Na sala na salamu zimfikie Mtume wake Muhammad, na ali zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Liko suala ambalo wazee wa pwani huulizana barazani baada ya sala ya laasiri, kila wamwonapo kijana apita na mfuko wake begani aenda kunyanyua vyuma. Husema: Hamali wa bandarini hunyanyua gunia la mchele, na gunia likifika ghalani watu wapata kula, naye hamali apata ujira wa kuwalisha wanawe. Baharia huvuta kamba, tanga likapanda, jahazi likaenda. Ama kijana huyu hunyanyua chuma, kisha hukirudisha pale pale alipokitoa. Hapana kilichohama, wala hapana aliyeshiba. Basi je, hii si kazi bure? Na umri si mali ambayo kila mtu ataulizwa aliitumia katika nini?

Suala hili si la kuchekwa, kwani lina haki ndani yake. Na vijana wengi hawalijibu, au hulijibu kwa jawabu lililo baya zaidi kuliko kunyamaza, kwa kusema kwamba wataka waonekane. Na jambo lisilojibiwa kwa ilimu hujibiwa kwa hawaa ya nafsi. Kwa hivyo yafaa litazamwe kwa pande zake: mchezo wenyewe ni nini, kijana huuanza vipi, faida yake ni ipi, na ni wapi nguvu hugeuka zikawa maangamizi ya mwenye nazo.

MCHEZO WENYEWE

Michezo ya kunyanyua vyuma ni namna nyingi, na watu huichanganya. Uko ule wa Olimpiki, ambao chuma huinuliwa mpaka juu ya kichwa kwa wepesi na shabaha. Katika mchezo huo Khadr El Touni wa Misri alishinda Berlin mwaka 1936 kwa jumla ya kilo 387.5, akampita hata mshindi wa kundi la watu wazito kuliko yeye. Uko ule wa kujenga umbo, ambao watu hutazamwa miili yao wala hawanyanyui kitu mbele ya waamuzi. Na uko huu ukusudiwao hapa, uitwao kwa jina la kigeni pawalifti, ambao hautazami wepesi wala uzuri wa mwili, ila hutazama nguvu peke yake.

Mchezo huu una minyanyuo mitatu. Wa kwanza, mtu huweka chuma juu ya mabega nyuma ya shingo, huchutama mpaka nyonga zishuke chini ya magoti, kisha husimama nacho. Wa pili, hulala chali juu ya benchi, hukishusha chuma mpaka kifuani, hukituliza, kisha hukisukuma mpaka mikono inyooke. Wa tatu, hukiinamia chuma kilicho chini, hukishika, na hukiinua mpaka asimame wima, magoti yamenyooka na mabega yamerudi nyuma. Katika kila mnyanyuo hupewa majaribio matatu, na lililo kubwa katika yaliyokubaliwa ndilo huandikwa. Hayo matatu hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo cheo cha mtu siku ile. Nao wanyanyuaji hugawanywa kwa uzito wa miili yao, ili mwembamba asipimwe kwa kipimo cha mnene.

Sura hii ya mchezo ilitengenezwa Marekani na Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960. Shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1972, na mwaka 1973 likaanza kusimamia mashindano ya dunia. Lakini asili yake ni kongwe kuliko mashirikisho yote, kwani watu wa kila umma wamekuwa wakinyanyua mawe ili wajue ni nani aliye na nguvu zaidi, na Waarabu walikuwa miongoni mwao, kama itakavyokuja.

KIJANA HUANZA VIPI

Kijana aingiapo siku ya kwanza hutaka kutia sahani nyingi za chuma, kwa kuwa macho ya watu yamtazama. Mwalimu mwema hampi sahani hata moja. Humpa ule mtaimbo mrefu mtupu, ambao uzito wake ni kilo 20, akamwambia achutame nao, kisha achutame tena, na tena. Aghlabu kijana huona haya, kwani pembeni yake yuko mtu mzima aliyebeba mara saba ya hizo. Lakini mwanafunzi wa chuoni naye hapewi juzuu kabla ya kuzijua herufi na irabu zake, na mwenye kuziruka herufi husoma kwa makosa umri wake wote. Herufi za mchezo huu ni nyayo kutulia chini zote, mgongo kukaa imara bila ya kupinda, pumzi kuvutwa tumboni na kuzuiwa kabla ya kushuka, na magoti kuelekea ziliko elekea nyayo.

Na katika jambo hili kuna ajabu ya kuzingatiwa. Maarifa ya tiba yameonyesha kwamba nguvu zizidizo katika wiki za kwanza hazitokani sana na kukua kwa nyama. Zatokana na mishipa ya fahamu kujifunza kuziamrisha nyama ambazo tangu hapo zilikuwako. Maana yake, kijana alikuwa na nguvu asizozijua, na hakuwa na uwezo wa kuziita zikaitika. Mwanzo wa nguvu basi ni amri juu ya kile ambacho mtu amekwisha kupewa.

Baada ya hapo huzidisha kidogo kidogo. Akizidisha kilo 2.5 kila wiki katika mnyanyuo mmoja, baada ya wiki 12 atakuwa amezidisha kilo 30, na hatakumbuka ni siku gani mzigo ulikuwa mzito mno. Nazo nyama hazikui wakati wa kunyanyua. Wakati huo huchoka na kuchanika vijichaniko vidogo, kisha hujengeka mtu anapolala na anapokula chakula chema, kama samaki na mayai na maziwa na kunde. Kwa hivyo mwenye kunyanyua kila siku bila ya kupumzika hubomoa asijenge.

Wazee wengine huogopa kwamba vyuma humfupisha mtoto. Waganga wa watoto wamelichunguza jambo hilo, wakaona kwamba mazoezi yaliyo na mwalimu na kipimo hayamdumazi kijana, na kwamba kinachomdhuru ni mzigo uliomzidi na mwendo uliopotoka. Na shirikisho la kimataifa huwakubali vijana katika mashindano kuanzia miaka 14. Walakini khatari iko, na kuificha si uaminifu. Mwenye kulala chali akasukuma chuma kizito peke yake, bila ya mtu wa kusimama kichwani pake, huenda kikamshinda kikamwangukia kifuani au shingoni, na wako watu waliokufa kwa namna hiyo. Kujitia katika maangamizi kumekatazwa, wala hakuhalaliki kwa kuitwa mchezo.

JAWABU LA WAZEE

Sasa lirudiwe lile suala la wazee. Chuma kimerudi pale pale, ni kweli. Lakini mtoto wa chuoni huandika aya ubaoni kwa wino wake, huisoma mpaka ikatulia kifuani, kisha ubao huoshwa ukawa mweupe kama ulivyokuwa asubuhi. Je, yuko mzee asemaye kwamba mtoto huyo kazi yake ni bure, kwa kuwa ubao umebaki mtupu? Kilichotakiwa hakikuwa kubaki ubaoni. Kadhalika mwenye kutupa mshale katika shabaha ya majani hamlishi mtu kwa mshale ule, na juu ya hayo kujifunza kutupa mishale kumehimizwa. Basi kurudi kwa chuma mahali pake si hoja ya kuwa ni upuuzi. Hoja ni kilichobaki katika mtu baada ya chuma kurudi.

Na hapa ndipo mizani ya kweli. Akibaki na mwili wenye afya, subira, na uwezo wa kuwafaa watu, basi amepata. Akibaki na kifua kipana na ulimi mchafu, basi wazee wamesema kweli juu yake. Nabii Musa, alipofika Madyan akiwa mgeni na mwenye njaa, aliwakuta wanawake wawili wamezuiwa na msongamano wa wachungaji, akawanywesheza wanyama wao, kisha akarudi kivulini wala hakuomba ujira. Mmoja wao alipomsifu mbele ya baba yake alimsifu kwa sifa mbili pamoja, nguvu na uaminifu. Hakuzitaja nguvu peke yake, kwani nguvu bila ya uaminifu ni sifa ya jambazi pia. Na Talut alipofanywa mfalme, watu wake walielezwa kwamba amezidishiwa katika ilimu na katika mwili, na ilimu ndiyo iliyotangulizwa.

Vijana hupenda kuitaja hadithi aliyoipokea Muslim, yenye maana ya kwamba muumini mwenye nguvu ni bora kuliko muumini dhaifu. Wengine huibandika ukutani juu ya vyuma vyao. Lakini yafaa wajue kwamba Imam Nawawi, katika sharhe yake, ameifasiri nguvu hiyo kuwa ni azima ya nafsi katika mambo ya akhera, ambayo kwayo mtu huwa mwepesi wa kuziendea taa na mwingi wa kuvumilia taabu. Tena hadithi yenyewe yaeleza kwamba katika wote wawili mna kheri. Basi asijidhani mwenye mabega mapana kwamba amesifiwa kwa mabega yake, wala asimdharau mgonjwa wala mwembamba. Mwili wenye nguvu ni chombo cha azima hiyo, nacho chombo kisichotumiwa katika lililokusudiwa hakina sifa.

MANENO JUU YA JIWE

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapitia watu wakishindana kunyanyua jiwe, jiwe ambalo walilifanya kipimo cha mashujaa. Akawafahamisha kwamba aliye na nguvu zaidi kati yao ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa hasira. Na maana hii imethibiti katika Bukhari na Muslim kwa tamko jingine, lililotaja kuangushana badala ya jiwe. Yafaa lizingatiwe jambo moja, kwamba katika khabari hiyo ya jiwe hakuna kwamba aliwavunjia mchezo wao. Aliwaonyesha mzigo mzito kuliko ule, nao ni mzigo ambao kila mtu anao kifuani mwake.

Mwenye kuutazama mchezo huu kwa makini ataona kwamba kanuni zake zenyewe zaukumbusha mzigo huo. Kanuni hizo hazikuwekwa na wanavyuoni, wala wenye kuziweka hawakukusudia mawaidha, lakini hekima ni kitu kilichompotea muumini, popote akionapo hukitwaa.

Ya kwanza ni kanuni ya kungoja. Mwenye kuchutama haanzi mpaka mwamuzi ampe ishara, naye akisha simama harudishi chuma mpaka apewe ishara nyingine. Mwenye kulala chali akikishusha chuma mpaka kifuani hukituliza pale, chuma chote kikimlemea, mpaka aambiwe sukuma. Mwenye kuinua kutoka chini hukishikilia mpaka aambiwe shusha, na akikishusha kwa kukiachilia mikononi kikaanguka, mnyanyuo wake hubatilika, ingawa alikiinua kwa nguvu na watu wote wakaona. Hebu na azingatie kijana: amekwisha kumaliza kazi, nguvu anazo, watu wamekwisha kupiga makofi, na bado hukataliwa kwa kukosa kungoja kitambo kidogo. Nguvu ambazo haziwezi kungoja amri ni nguvu za mnyama aliyekata kamba. Na mwenye kuzoea kukituliza chuma kifuani akangoja, hana udhuru wa kutolituliza neno ulimini mwake pindi mkewe au jirani yake amuudhipo.

Ya pili ni kanuni ya mashahidi. Waamuzi ni watatu, mmoja mbele na wawili ubavuni, na kila mmoja huwasha taa nyeupe akikubali au nyekundu akikataa, na hukumu ni ya wawili katika watatu. Kwa nini? Kwa kuwa mwenye kuchutama hawezi kuiona nyonga yake imeshuka kiasi gani. Mzigo ukiwa mzito hudhani ameshuka sana, kumbe hajafika nusu. Hakuna kijana asiyepatwa na hayo, na wengi hukasirika waambiwapo. Mtu hawi shahidi wa nafsi yake. Na mwenye kujiona amekwisha kuinama vya kutosha mbele ya Mola wake ni mhitaji wa shahidi kuliko huyu.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni kanuni ya majaribio. Mnyanyuaji huutaja mwenyewe uzito atakaoanza nao, na akisha kuanza hana ruhusa ya kurudi chini. Akishindwa, atarudia uzito ule ule au azidishe. Na akishindwa mara tatu katika mnyanyuo mmoja, hana jumla siku ile, na yote mengine aliyoyanyanyua hayamfai katika hesabu. Basi wachukuliwe vijana wawili ambao kila mmoja, siku ya afya yake kamili, aweza kilo 120. Mmoja aanza kwa kilo 107.5, uzito ambao angeuweza hata akiwa hakulala vizuri. Apata taa tatu nyeupe, moyo watulia, kisha apanda 115, kisha 120. Wa pili marafiki zake wamekuja kumtazama, naye ametangulia kuwaambia kwamba leo watayaona makubwa, basi aanza kwa 125. Ashindwa. Hana njia ya kushuka. Ashindwa tena, na mara ya tatu amekwisha kuchoka. Atoka bila ya kitu, na nguvu zao zilikuwa sawa. Hakuangushwa na chuma. Aliangushwa na neno alilolisema kabla ya kukigusa chuma.

Ni wangapi katika biashara, na katika harusi za fakhari, na katika mahari na nyumba, walioanza kwa uzito usio wao kwa sababu ya macho ya watu, kisha wasipate njia ya kushuka? Mchezo huu humwonyesha kijana wa miaka 16, kwa dakika chache na kwa hasara ndogo, jambo ambalo wengine hulijua wakiwa na miaka 50 na deni lisilolipika.

MILANGO YA UHARIBIFU

Kunyanyua vyuma kwa asili yake ni mubaha, na niya njema huweza kukupandisha kukawa taa. Lakini iko milango ambayo kijana akiingia kwayo hubadilika hukumu.

Mlango wa kwanza ni kiburi. Watu wa Adi walipewa miili na nguvu, wakauliza kwa jeuri ni nani awezaye kuwashinda, wakasahau kwamba aliyewaumba ana nguvu kuliko wao, na upepo ukawamaliza. Lipo suala la wengine, kwamba mchezo wa mbele za watu hauwezi kuepukana na riya. Jawabu lake ni kwamba riya kwa asili yake hutajwa katika ibada, na mnyanyuo si ibada ya kuharibiwa kwa kutazamwa. Balaa lake ni lile la mtu kujisifu na kuwadharau wengine. Na alama yake ni nyepesi: je, akimwona mgeni aliyeshika mtaimbo mtupu, humfundisha au humcheka?

Mlango wa pili ni dawa. Miezi ya kwanza chuma hukubali kila wiki, kisha hufika siku kikakataa, na huenda kikakataa mwezi au miwili. Hapo ndipo humjia mtu mwenye vidonge au sindano, akamwambia kwamba wote watumia. Dawa hizo ni homoni za kiume zilizotengenezwa, nazo huzidisha nyama kwa kweli, na ndiyo maana zadanganya. Lakini mwili ukipewa homoni kutoka nje huacha kutengeneza zake: korodani hunywea, mbegu za uzazi hupungua au hukatika. Moyo hunenepa vibaya, mafuta ya damu huharibika, ini hudhurika khasa kwa vidonge, hasira huzidi, na zikiachwa huzuni hushika. Na kijana ambaye hajamaliza kukua, dawa hizo hufunga ncha za mifupa yake kabla ya wakati, akabaki mfupi. Hilo ndilo liliwaogopesha wazee, nalo halitokani na chuma, latokana na sindano.

Haramu yake ni ya pande mbili. Upande mmoja ni kuudhuru mwili ambao mtu hakuuumba wala hakuununua, bali amewekewa amana. Upande wa pili ni ghishi, kwani mwenye kusimama mbele ya waamuzi kwa nguvu za sindano ni kama mwenye duka aliyeficha jiwe chini ya mizani. Mashirikisho yenye uaminifu huwapima wanyanyuaji mkojo, na yako mengine yasiyopima. Lakini muumini hangoji kupimwa mkojo ili awe mkweli. Kilo 100 za halali ni nzito kuliko kilo 150 za uwongo, siku mizani itakapowekwa.

Mlango wa tatu ni mali. Kushindana bila ya mali hakuna ubaya. Ama kuwekeana fedha, kwamba ashindwaye ampe ashindaye, ni kamari. Na fukahaa wa Kishafii wamelitaja jambo hili kwa jina lake, kwani katika mlango wa mashindano wamezungumza juu ya kunyanyua jiwe kwa mkono, na wengi wao hawakujuzisha kufungiana akdi ya mali juu yake. Basi kijana asidhani kwamba mchezo wake ni mpya mno hata vitabu visiujue.

Mlango wa nne ni kupoteza yaliyo faradhi. Mwenye kuiacha sala ya magharibi ipite kwa kuwa chuma bado kina moto mikononi mwake, ameibeba kilo mia na ameshindwa na rakaa tatu. Katika mwezi wa Ramadhani apunguze mizigo, na anyanyue usiku baada ya kufuturu, wala asile mchana kwa udhuru wa mazoezi. Aichunguze unga na vidonge vya chakula auziwavyo, visiwe na kitu cha nguruwe. Na auangalie uchi wake, ambao kwa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Vazi la kubana livaliwalo katika mashindano kwa kawaida halifiki magotini, basi katika mazoezi avae suruali ndefu ipitayo magoti, na kabla ya kushindana atafute njia ya kujisitiri. Akiikosa, cheo cha mashindano si dharura.

HAKI YA WAZEE NA WAJIBU WAO

Wazazi nao wana fungu lao. Kijana ana nguvu, na nguvu hazikai bure. Zisipopewa kazi hujitafutia. Mzee amkatazaye mwanawe vyuma pasi na kumwonyesha badala yake, huenda akamwona kesho katika pembe ya mtaa pamoja na wasiofaa. Lililo bora ni baba aende mwenyewe akapaone mahali pale, amjue mwalimu, aulize kama wako wa kusimama kichwani pa mwenye kulala chali, na aulize juu ya sindano bila ya kuona haya. Na kijana naye aanze kuzilipa nguvu zake zaka nyumbani kwanza. Si jambo zuri kwamba mtu anyanyue kilo 120 jioni, na mama yake asubuhi awe ndiye abebaye ndoo ya maji.

Na asidhani mtu kwamba mlango huu ni wa wenye viungo kamili tu. Katika Olimpiki ya wenye ulemavu, kuanzia Tokyo mwaka 1964, watu wasioweza kusimama hulala chali juu ya benchi na kusukuma chuma kwa mikono. Mwaka 2016, mjini Rio de Janeiro, Siamand Rahman wa Iran, ambaye miguu yake ilipooza tangu utotoni, alisukuma kilo 310, uzito wa magunia matatu ya kilo mia na zaidi, na hapana mtu aliyekuwa amezifika 300 kabla yake katika mashindano hayo. Aliyenyimwa miguu alipewa mikono ambayo wenye miguu hawana, naye hakuuzika mtaji wake kwa kulalamikia kile alichonyimwa. Kisha mwezi wa Machi mwaka 2020 moyo wake ulisimama, naye hajatimiza miaka 32. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Katika mtu huyo mmoja mna mawaidha mawili. Asiye na kitu asikate tamaa, na mwenye nacho asighururike. Kifua kilichosukuma kilo 310 hakikuweza kuisukuma ajali hata saa moja.

KHATIMA

Basi jawabu la barazani ni hili. Wazee wamesema kweli kwamba nguvu zisizomfaa mtu ni kazi bure, na vijana wamesema kweli kwamba chuma kina faida. Chuma ni kama ubao wa chuoni: huandikwa, husomwa, huoshwa. Aliyehifadhi amehifadhi, na aliyekuwa akiuchafua mkono kwa wino tu, siku ya kusomeshwa bila ya ubao itamfedhehesha.

Na siku hiyo haiko mbali na mtu yeyote. Ni siku jirani afapo usiku, pakatakiwa mabega ya kulibeba jeneza. Ni siku baba aangukapo kitandani, akahitaji kuinuliwa, na kugeuzwa, na kupelekwa chooni, mara tano kwa usiku mmoja, bila ya waamuzi wala taa nyeupe, na bila ya mtu wa kupiga makofi. Kijana ambaye mgongo wake umezoea kuinama sawasawa na kuinuka bila ya kuvunjika, na moyo wake umezoea kungoja amri, atamwinua baba yake kwa upole wala hatamuumiza. Hapo ndipo kitakapojulikana kilichobaki baada ya chuma kurudi mahali pake.

Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wa Kiislamu wazitumie nguvu zao katika yale ayapendayo, awape wazee wao siha na hekima, na awajaalie wote khatima njema. Amin.

Wallahu aalam.